Sarafu ya Pishi na Watu Wake

Batul ameniomba niandike, kwa sababu nyie vijana mliokuwa nasi dirishani mwishoni mmetawanyika kwenye makampuni mengine ya fedha za simu, na kila mmoja anasimulia habari ya Pishi kwa namna yake. Mie nimestaafu, muda ninao. Nitaandika niliyoyaona, kwa mpangilio yalivyokuja. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitaandika. Hayo kila mtu anakumbuka ya kwake vizuri bila msaada.

Kazi nilianzia kwenye duka la kubadilishia fedha la Bwana Murtaza, katikati ya mji, nikitokea kwetu Tandika. Bwana Murtaza alikuwa Khoja wa Upanga, mwembamba, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba wateja walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Nadhani alifanya makusudi. Siku ya kwanza hakunipa dirisha. Alinipa kiti cha nyuma, bunda la dola zilizochoka na ndani yake noti moja ya bandia aliyoihifadhi kwa miaka, akaniambia nizipapase mpaka niijue bila kuangalia. Nilidhani ananichezea. Jioni vidole vilikuwa vimekufa ganzi na sikuwa nimeijua. Kesho yake pia. Siku niliyoitoa kwenye bunda nimefumba macho alikisogeza kiti changu dirishani.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Tulikuwa na mashine ya kuhesabia noti, ambayo ilikwama kila msimu wa mvua, na taa ya zambarau ya kuangalizia alama. Sifongo yenye maji, ya kulowanishia vidole, ilikaa kwenye kisahani. Juu ya mlango kulikuwa na ubao wa bei, namba zake tukizipanga kwa mkono kila asubuhi. Na tulikuwa na masharti mawili ya mzee. La kwanza, mtajie mteja bei kabla hujagusa fedha yake. La pili, akikuuliza kama kesho dola itapanda, mwambie hujui.

Hilo la pili lilinisumbua. Wateja walitaka kusikia kitu, na mtu akikaa dirishani miaka anaanza kuhisi kama anajua. Nilimwambia siku moja kwamba mwezi ule nilikuwa nimebahatisha sawasawa mara nyingi. Akaniuliza kwa upole, kama najua, kwa nini bado nachukua mshahara wake.

Baadaye masharti ya biashara ile yalibana, maduka mengi yakafunga, na la kwetu likafunga nayo. Mzee alitulipa wote stahili zetu, akatundika koti, akaenda nyumbani kugombana na televisheni. Mie nilirudi Tandika nikafungua genge la nyanya na vitunguu, na ninakiri sikuwa na kipaji. Nilikuwa nawatajia watu bei kabla hawajachagua, wakaondoka.

Aliyenitoa gengeni ni Batul, binti pekee wa Bwana Murtaza. Nilimjua tangu akifanyia kazi zake za shule nyuma ya kaunta yetu. Alikuwa amesomea kompyuta, akafanya kazi nje, akarudi. Alikuja Tandika na gari dogo, akala chapati zangu mbili, akaniambia anaanzisha sarafu.

"Sarafu ya kushika?" nikamuuliza.

"Ya kwenye simu, Anti Rukia. Lakini nyuma yake kuna fedha za kushika."

Aliiita Pishi, kama kile kipimo cha zamani ambacho bibi yangu alipimia mchele. Nilipenda jina kabla sijaelewa kitu. Jinsi ilivyofanya kazi nitaieleza kama nilivyowaelezea wateja baadaye, mara nyingi kuliko nilivyopika wali. Mteja akileta shilingi, kampuni inanunua fedha za nchi tano, yaani dola, euro, yuani, pauni na randi, kila moja kwa fungu lake. Hizo zinakaa benki. Hilo ndilo kapu. Halafu mteja anapata pishi kwenye simu yake, kwa thamani ileile. Akitaka kutoka, tunauza sehemu yake ya kapu, anapata shilingi, na pishi zake zinafutwa. Fedha moja ikianguka, nyingine nne zinaishikilia pishi. Serikali haikuitoa, benki kuu haikuitoa. Ilitolewa na sie, kwa kibali cha majaribio, na ikiwa tumeahidi kapu lipo, basi kapu liwepo.

Aliyesimamia kapu alikuwa mshirika wa Batul, Edgar, mhasibu, kijana mtanashati aliyezungumza haraka. Kazi yangu ilikuwa dirisha. Tulipanga ofisi Buguruni, ghorofa ya kwanza, chini yetu fundi simu na muuza mikoba. Batul alitaka mtu ambaye mfanyabiashara wa pale atamwamkia na kumwamini, na aliona vijana wake wa kompyuta, pamoja na akili zao zote, wanaongea na skrini zaidi ya mteja.

Waliokuja mwanzoni ni watu waliojua shida yenyewe. Mtu anaagiza vitenge au vyombo kutoka China, anauza hapa kwa shilingi miezi mitatu minne, na wakati anakusanya, shilingi inateleza. Akienda kuagiza tena, fedha ileile inanunua mzigo mdogo. Akitafuta dola aziweke ndani, hazipatikani, au zipo kwa bei ya kuomba radhi. Pishi ilimfaa huyo. Haikumtajirisha, ila aliuza leo, akaweka, na siku ya kuagiza mzigo wake ulikuwa mzigo uleule.

Miongoni mwao alikuwa Bi Mwanaisha, muuza vitenge wa sokoni Buguruni, mkazi wa Kiwalani. Mama mnene, mcheshi, mkali kwenye bei. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa mtaa wao waliokusanya fedha kila wiki na kuagiza mzigo pamoja. Nilimweleza kapu kwa kadiri nilivyoweza. Nikamwambia ikihesabiwa kwa shilingi, pishi inapanda na inashuka. Akanisikiliza, akaweka kidogo ya kwake, akaona imepanda. Baada ya muda akaweka ya kikundi.

Kwa mwaka na zaidi ilipanda tu, kwa sababu shilingi ilikuwa inashuka. Hapo ndipo kazi yangu ilipoharibika bila mie kuona. Watu waliacha kuuliza kapu lina nini. Walikuja wameshaambiwa na jirani kwamba kuna kitu kinaitwa Pishi, ukiweka kinakua. Niliwaeleza kila mmoja, nao waliitikia kwa kichwa kwa heshima, kama mtu anavyoitikia wakati wa tangazo la usalama ndani ya boti ya Zanzibar. Bwana Murtaza alifariki katika kipindi hicho. Tulimzika, tukarudi kazini, na Batul akawa anaangalia ubao wa bei wa baba yake aliouweka ofisini kwake.

Kisha shilingi ikapata nguvu. Wiki baada ya wiki, bila kupumzika. Mteja anafungua simu, pishi zake ni zilezile, lakini zikihesabiwa kwa shilingi zimepungua. Simu za ofisini zikawa hazinyamazi. Bi Mwanaisha hakupiga. Alipanda ngazi mwenyewe, akakaa, akavua viatu, akasema akina mama wanasema amekula fedha yao. Aliniomba niende Kiwalani niwaeleze.

Nilienda Jumapili. Walikaa uani kwake juu ya mikeka, nikapewa kiti, jambo ambalo sikulipenda, kwa sababu anayepewa kiti peke yake kwenye kikao kama kile ndiye mshitakiwa. Aliyeongea zaidi ni mama mmoja mkaanga samaki, aliyeitwa Mama Shukuru.

"Sie tuliweka shilingi," alisema. "Tunataka shilingi zetu zilezile. Hayo mengine mnayajua nyie."

Nikawaeleza kwamba shilingi zao ziligeuzwa siku ileile zikawa fedha tano, na fedha hizo bado zipo benki, hazijapungua hata moja. Kilichobadilika ni kwamba shilingi imepata nguvu, kwa hiyo fedha zilezile zinaleta shilingi chache. Mama Shukuru akafikiri.

"Yaani shilingi ikipata nguvu, sie tunapata hasara? Si tunaambiwaga ikipata nguvu nchi inafaidika?"

Nikasema ndiyo, nchi inafaidika. Wachache walicheka, si kwa furaha. Nikaendelea kwamba wakiagiza mzigo leo, pishi zao zitanunua marobota yaleyale waliyokusudia siku waliyoweka, kwa sababu China hawauzi kwa shilingi. Hilo niliona linawaingia baadhi, hasa waliokuwa na vibanda vya vitenge. Lakini wengine walikuwa wameweka ada za watoto na fedha ya kodi ya nyumba, mambo ya shilingi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hizo hazikutakiwa kuwemo kwenye kapu hata siku moja.

Mama mmoja wa pembeni aliyekuwa kimya akaniuliza taratibu kama mimi nilimdanganya mwenyekiti wao. Wote wakanigeukia. Bi Mwanaisha angeweza kuinamisha kichwa tu, na yote yangeniangukia mie. Ningeondoka, yeye angebaki na majirani zake. Nilimwangalia nikaona analijua hilo.

"Nilielezwa," alisema. "Bi Rukia aliniambia inapanda na inashuka. Mie nyie nikawaambia inapanda."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga. Walimvua uenyekiti palepale, kwa adabu, kwa kunyoosha mikono, uani kwake mwenyewe, kisha wakanywa chai yake. Nusu wakaamua kuagiza mzigo, nusu wakataka shilingi zao kwa bei ya siku. Nilipoaga, Bi Mwanaisha alinisindikiza hadi barabarani, akasema angalau sasa usingizi utakuja.

Wale waliotaka shilingi tuliwalipa Jumatatu. Kufikia Jumanne Buguruni nzima ilikuwa inasema akina mama wa Kiwalani wameitoa fedha yao yote kwa sababu Pishi inakufa. Jumatano asubuhi nilikuta watu wamejaa ngazi, mpaka kwa fundi simu chini, ambaye alishaanza kuwauzia vocha.

Tuliyoyafanya siku ile ndiyo nataka myajue sawasawa, kwa sababu nimesikia yanasimuliwa vibaya. Fedha ilikuwepo. Yote. Tatizo lilikuwa kwamba dola, euro na pauni tungeweza kuzigeuza shilingi siku ileile, lakini yuani na randi zilihitaji siku kadhaa kupita kwenye mabenki, na watu walikuwa wanazitaka zote leo. Edgar alituita mie na Batul chumba cha nyuma. Alishaandika ujumbe wa kutumwa kwa wateja wote, kwamba mfumo uko kwenye matengenezo na huduma zitarejea. Hakuwa mwizi, niseme hivyo. Alikuwa kijana mwenye hofu, na hesabu zake zilikuwa sahihi. Tukipata wiki moja ya kimya, alisema, kila kitu kinageuzwa taratibu na hakuna anayeumia.

Batul aliniuliza nasemaje.

"Mfumo mbovu?" nikamuuliza.

"Hapana. Unafanya kazi."

"Basi mie siwezi kutoka pale nikasema ni mbovu. Kwa baba yako dola zilipokwisha, tuliandika zimekwisha."

Edgar alisema, kwa heshima, kwamba mama, lile lilikuwa duka na hii ni sarafu. Ukiwaambia watu huna, wanakuja maradufu. Alikuwa na haki ya kuogopa. Hata mie sikujua ingekuwaje. Batul alivuta kiti cha Edgar, akakaa. Kisha akafuta ujumbe wa Edgar kwenye kompyuta, akaandika mwingine mfupi. Ulisema kapu lipo kamili, wenye pishi chache watalipwa zote leo, wenye nyingi watalipwa sehemu leo na nyingine kadiri benki zinavyogeuza, na kwamba bei ni ya siku ya kulipwa. Chini akaweka jina lake na namba yake ya simu. Edgar aliposoma namba ile alifumba macho.

Nikatoka ngazini. Sauti yangu si ya kupaaza, kwa hiyo nikaanza kwa sauti ya chini, na watu wa mbele wakawanyamazisha wa nyuma. Nikawaambia yaleyale. Mzee mmoja muuza mabati akauliza kama nina uhakika bei haitashuka tena kesho. Nikasema sijui. Akasema basi yeye anatoa zote. Nikasema sawa, apange foleni. Nilitegemea matusi na yalikuja, lakini machache, na wengi walikaa chini kwenye ngazi wakasubiri. Mwenye nyingi kuliko wote, mwagizaji wa vyombo, alisoma ujumbe, akanitazama, akasema atarudi wiki ijayo, akashuka.

Vijana, siku zile mlifanya kazi bila kula na sikuwahi kuwashukuru vya kutosha. Kila aliyekuja alilipwa. Waliosubiri yuani na randi walilipwa siku tuliyowaambia, isipokuwa mara moja ambapo benki ilichelewa, na Batul alimpigia kila mmoja wao mwenyewe.

Hata hivyo Pishi haikupona. Mnadhani watu wakilipwa kikamilifu wanarudi. Hawakurudi. Walikuwa wameogopa mara moja na hiyo iliwatosha, na sarafu ambayo hakuna anayeiweka haina kazi. Kibali cha majaribio kilipofika mwisho, Batul hakuomba kingine. Alitangaza tunafunga, na kwamba hatutafunga mpaka kila pishi iliyobaki irudishiwe mwenyewe. Edgar alipata kazi kwingine lakini alikuja kila Jumamosi kusaidia hesabu mpaka mwisho, bila kudai. Hilo nalo lisimuliwe.

Kazi yangu ya miezi ya mwisho ikawa kuwatafuta watu niwape fedha yao. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Jaribuni wenyewe, Dar hii, kumpigia mtu msiyejuana na kumwambia ana fedha yake mahali, atoe ushirikiano apokee. Nilitukanwa na watu wa kila rika. Mwanafunzi mmoja wa hosteli za Mabibo aliniambia nitafute kazi halali, na alikuwa na haki, kwa jinsi matapeli walivyotuzoesha. Nikaacha kupiga, nikaanza kwenda mwenyewe. Familia za marehemu niliwaendea na Batul, tukaketi, tukaeleza, tukasubiri karatasi za mirathi. Wengine walilia. Wengine waliuliza tu kwa nini zimepungua.

Wa mwisho kabisa alikuwa Bwana Kamugisha, mwenye ndizi za jumla sokoni Mabibo, mtu wa Bukoba. Alilipwa na mteja wake kwa pishi zamani, akabadilisha simu, akasahau. Nilimkuta juu ya mikungu, nikamsalimu, nikajieleza, nikamwonyesha kitambulisho. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaita vijana wawili wa kushusha mizigo, akanipeleka ofisi ya serikali ya mtaa kama tapeli.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Aliniuliza nataka nini kwa huyu bwana. Nikasema nataka kumpa fedha yake. Akauliza nataka yeye atoe nini kwanza. Nikasema hakuna. Namba ya siri? Sihitaji. Ada? Hakuna. Akavua miwani akanitazama vizuri, na nikaelewa kwamba kwa miaka yote aliyokaa kwenye kiti kile, hakuna mtu aliyewahi kuletwa pale kwa kosa kama langu.

"Sasa wewe unafaidika nini?" Bwana Kamugisha aliniuliza.

"Mshahara wa mwezi huu. Ndiyo wa mwisho. Wewe ndiye uliyebaki."

Nikampigia Batul mbele yao, wakazungumza naye. Baada ya muda mfupi simu ya Bwana Kamugisha ikaita mlio wa ujumbe wa fedha. Aliusoma mara mbili, asiuamini. Akavuka barabara hadi kwa wakala, akatoa fedha yote taslimu, akarudi ameishika mkononi.

"Mama, shikamoo," alisema. Hakuwa ameniamkia tangu mwanzo.

"Marahaba."

Akaniomba radhi kwa kunileta pale, na mwenyekiti akasema aniombe vizuri zaidi. Akaniomba vizuri zaidi. Nilikataa mkungu wa ndizi, akanipa vichane viwili nisivyoweza kukataa.

Nje nikampigia Batul tena. Nikamwambia amepokea. Upande wa pili nikasikia anabonyeza kompyuta.

"Sifuri, Anti," alisema. "Hakuna pishi hata moja iliyobaki kwa mtu."

Nikamuuliza kama nipitie Buguruni kukabidhi ufunguo. Akasema kitasa kilishabadilishwa tangu Jumatatu, kuna mtu anauza viyoyozi pale. Nende nyumbani nikapumzike.

Nikaenda nyumbani. Nilifika Tandika saa tisa alasiri, siku ya kazi, jua bado kali, na mlango nikaukuta umefungwa. Wanangu wote walikuwa makazini. Mie ufunguo wa nyumba yangu sijawahi kutembea nao, kwa sababu miaka yote nilikuwa narudi wa mwisho. Nikaweka ndizi chini, nikakaa barazani, nikasubiri watu watoke kazini.